Kamba Naijua

Kabla ya kukabidhiwa mwili wa mwanawe, Eliakim Sichone aliambiwa akatafute kalamu.

"Yangu imekwisha wino," alisema afisa, huku akiizungusha vidoleni. "Toka hapo nje, vibanda vinauza. Lete ya bluu. Nyeusi hatupokei."

Eliakim akatoka. Akapita korido ndefu ya hospitali, akawapita akina mama waliokaa sakafuni na chupa za uji, akavuka barabara na kununua kalamu ya bluu. Muuzaji alimtazama mara moja, kisha akajifanya anapanga pipi. Wiki ile, mtu aliyetoka upande wa mochwari akiwa peke yake hakuulizwa kitu. Aliporudi, alimkuta afisa anajaza fomu kwa ile ile kalamu iliyokwisha wino.

Afisa hakuvaa sare. Alivaa jaketi la kijivu lenye zipu mpaka shingoni, na jina alitoa moja tu. "Niite Moses. Inatosha." Akasukuma fomu mbele. "Soma kabisa. Usije ukasema hukusoma."

Fomu ilisema kwamba Lwitiko Eliakim Sichone, miaka ishirini na minne, fundi wa maturubai, mkazi wa Mpemba, aligongwa na lori usiku wa Jumatano kwenye barabara kuu. Dereva hakufahamika.

"Jumatano mwanangu alikuwa kwenu," Eliakim alisema.

"Kwetu wapi?"

"Alichukuliwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tulikuwa kazini. Mimi nimeshika upande huu wa turubai, yeye ameshika ule."

"Alichukuliwa na nani?"

"Watu wanne. Walikuja na gari jeupe."

"Majina yao?"

"Sijui."

"Namba ya gari?"

"Halikuwa na namba."

Moses akafungua viganja vyake vyote viwili, kama mtu anayeonyesha kwamba hana deni. "Sasa, mzee wangu. Wewe huna jina, huna namba. Mimi nina fomu."

"Nikikataa kusaini?"

"Utakwenda nyumbani salama. Mwili utabaki. Utazikwa na serikali, na mahali hutaambiwa." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayesoma saa za kufungua duka. "Ukisaini, unazika kesho kutwa mwanga ukiwepo. Hakuna hotuba. Wasifu wa marehemu unapita kwa mtendaji wa kata, unagongwa muhuri, ndipo unasomwa. Huyo mmoja ametuletea matatizo ya kutosha. Usituongezee."

Eliakim aliomba kwanza amwone mtoto. Moses akatazama saa yake, akamwashiria mhudumu.

Mhudumu alikuwa mtu mfupi mwenye buti za mpira. Alivuta shuka mpaka kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika nje, "Mwisho hapo, mzee, usishuke chini." Kisha akageuka ukutani na kuanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu mno kwa mtu mwenye kifua kizima. Eliakim akaelewa. Akaingiza mkono chini ya shuka, akautoa mkono wa mwanawe, akautazama.

Miaka ishirini na sita alikuwa amefunga maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Alikuwa amefunga mbolea, saruji, mitumba, shaba inayoshuka kutoka Kongo. Kamba aliijua kwa viganja kuliko kwa macho. Alama kwenye mkono wa Lwitiko aliisoma haraka: kamba ya nailoni ya nyuzi tatu, nene kama kidole cha mwisho, imezungushwa mara mbili, fundo limekazwa upande wa ndani. Na aliyefungwa alikuwa hai, kwa sababu nyama ilikuwa imevimba pande zote mbili za kamba. Akauangalia mkono wa pili. Ulikuwa hivyo hivyo.

Akaifunika mikono yote miwili. Akarudi mezani, akasaini kwa kalamu yake ya bluu. Ndivyo wanavyofanya watu hawa: wanakuandikia uongo, kisha wewe ndiye unayenunua wino.

&nbsp;

Kosa la Lwitiko lilikuwa mistari miwili.

Wiki ya uchaguzi mtandao ulizimwa, na barabarani vijana waliandamana, wengine hawakurudi nyumbani. Redio ikasema nchi ni shwari. Siku hizo lori moja lililokuwa kwenye foleni lilimletea Lwitiko turubai lililochanika ubavuni. Alishona kiraka cheupe, kikubwa kama mlango, na juu ya kiraka akaandika kwa rangi nyeusi:

*Turubai lafunika, mzigo usinyeshewe,*
*Ninyi mwafunika nini, hata tusidokezewe?*

Mtandao waliuzima, lakini foleni ya malori haizimwi. Lori lile lilikaa siku tatu Mpemba likisogea hatua kwa hatua, maneno yakiwa yameelekea barabarani, na kila mwenye simu alilipiga picha. Mtandao ulipofunguliwa, kiraka cha Lwitiko kilifika mahali ambapo Lwitiko mwenyewe hakuwahi kufika. Siku ya tano gari jeupe likaja.

Sasa alikuwa amerudi, ndani ya sanduku, nyuma ya pikapu ya kukodi. Mama yake, Agnes, alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alisubiri wanaume waingize jeneza sebuleni, waweke juu ya stuli mbili, watoke. Kisha akamgeukia mumewe.

"Umesaini nini?"

"Nimesaini tumpate, Mama Lwitiko."

"Nimeuliza nini."

Eliakim akatazama mikono yake. "Lori."

Agnes akajitanda kanga vizuri, akaingia jikoni. Tangu hapo hakumsemesha. Chakula alimtengea, maji ya kuoga alimwekea, lakini alipotaka kumwambia kitu alimwambia Mercy, binti yao, na Mercy ndiye aliyekileta kwa baba yake, ingawa wote watatu walikuwa wamesimama chumba kimoja.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha soda, walikaa wageni wawili. Walikuwa pale tangu jeneza lilipofika. Hawakucheza bao, hawakusubiri lori, hawakuuza kitu. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi uani waliwatazama kwa pembe ya jicho.

"Ya nne hiyo," alisema mmoja. "Yule mnene ameagiza ya nne."

"Waache wanywe. Sukari itawafikia kabla sisi hatujafika mahakamani."

Wakacheka kwa pua, vichwa vikiwa chini. Kicheko cha msibani kina adabu yake.

Mercy alikuwa amewekwa langoni na meza na daftari. Kazi yake ilikuwa kuandika nani ameleta nini: unga, maharage, kuni, chumvi. Watu wa Mpemba hawaandiki hivyo kwa uchoyo. Wanaandika ili siku aliyeleta naye akifiwa, nyumba hii ijue ni wapi inapaswa kwenda na imebeba nini. Daftari la msiba ni kumbukumbu ya nani ni mtu wako.

Asubuhi ya kwanza yule mnene wa soda alivuka barabara. "Pole, binti," alisema. Akalichukua daftari bila kuomba, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa akaupiga picha kwa simu. Alilirudisha taratibu, akaliweka sawa na ukingo wa meza. "Endelea. Andika vizuri, na namba za simu."

Habari ilitembea mtaani kabla yule mtu hajarudi kwenye kiti chake. Tangu hapo watu waliendelea kuja, lakini walipofika mezani waliinama na kunong'ona, "Mimi usiniandike, mwanangu." Wengine walipita nyuma, kwenye uchochoro wa choo. Kefa Simbeye, jirani waliyepakana ukuta kwa ukuta, fundi wa pancha, mtu aliyekula kwao Krismasi zote, aliangusha mizigo miwili ya kuni kutoka juu ya ukuta, kisha akazunguka na kuingia langoni mikono mitupu kama mgeni.

"Baba mdogo," Mercy alimwuliza, "kuni nikuandikie mizigo mingapi?"

"Kuni gani? Mimi sijaleta kuni."

Sweta lake lilikuwa limejaa maganda ya mti kifuani. Mercy aliyatazama, naye Kefa akayatazama, akaanza kuyapangusa.

"Sijaleta, mwanangu," alirudia, kwa sauti ya chini. "Nina fremu ya kukodi. Wakiifunga leo, kesho sina pa kwenda."

Mercy akainamisha kichwa, akaandika: *Kuni mizigo miwili, mtu mmoja.* Mpaka jioni kurasa tatu zilikuwa zimejaa. *Unga debe moja, mtu mmoja. Maharage sado mbili, mtu mmoja. Chumvi, mtu mmoja.*

&nbsp;

Bibi Ferista, mama yake Eliakim, alifika kutoka Ndalambo siku ya pili mapema, amepewa lifti kwenye lori la mahindi. Alikuwa na miaka themanini na kitu, jicho moja limeingia ukungu, masikio mazima. Alipitisha kiganja juu ya jeneza kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayepima kitambaa. Kisha akaketi kwenye mkeka na kumwita mwanawe.

"Wasifu anasoma nani?"

"Mimi, mama."

"Vizuri. Wa baba yako uliusoma vizuri. Kila mtu alirudi kwake akijua ni figo."

Kwa ukoo wao, wasifu wa marehemu si mapambo. Kuzaliwa, shule, ubatizo, kazi, watu husikiliza huku wanatafuta pa kukaa. Sehemu wanayoingoja ni moja: aliugua nini, nani alimwuguza, saa yake ya mwisho ilikuwaje. Ikishasomwa hiyo, ndipo wenye masepeto huyanyanyua. Wazee wa Ndalambo husema mtu hafukiwi kabla hakijatajwa kilichomchukua, kwa maana kisichotajwa kitarudi nyumba ile ile kuchukua mwingine. Vijana wa mjini huwacheka kwa hilo. Lakini na hao vijana, mtu akifa kwao, husubiri.

Saa tano Eliakim akaenda kwa mtendaji wa kata na karatasi mbili alizoandikiwa na Mercy kwa mwandiko safi. Yeye na mtendaji, Enoka, walisoma darasa moja huko Momba. Walishawahi kuchapwa pamoja kwa kuiba miwa ya mwalimu. Leo Enoka alisoma na rula mkononi, na Moses alikuwa ameegemea dirishani, jaketi limefungwa mpaka shingoni.

"Kuzaliwa, sawa. Shule, sawa." Rula ilishuka mstari kwa mstari. "'Alipenda kutunga mashairi.' Hii toa."

"Alipenda."

"Eli, toa. Andika alipenda michezo."

"Hakupenda michezo. Mpira ulimpita kando maisha yake yote."

Enoka akakata mstari kwa kalamu. Rula ikashuka tena, ikasimama. Alikuwa amefika kwenye aya ya mwisho, ile iliyoanza: *Jumanne saa nne asubuhi, marehemu akiwa mzima wa afya, alichukuliwa na watu wanne.*

"Eli," alisema, "naomba usinitazame hivyo. Na mimi nina watoto."

"Mimi pia nilikuwa nao wawili."

Moses akaja mezani. Akaisoma aya ile akiwa amesimama, akatoa pumzi puani. "Mzee, ulisaini lori. Soma lori, kazi iishe."

"Sitasoma lori mbele ya mama yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ataniuliza lori gani. Sisi ni watu wa malori, bwana. Atauliza rangi, atauliza lilitoka wapi, linapeleka nini."

Moses akafikiri. Hakuwa mtu mpumbavu, wala hakuwa mtu wa huku. Aliletwa na kazi, na kazi ikiisha ataondoka. "Basi tusigombane," alisema. "Lori usiseme, na hayo mengine usiseme. Ruka. Ukimaliza habari ya kazi, nenda moja kwa moja kwenye shukrani. Watu watakuwa wanalia, nani atagundua?"

Eliakim akamtazama Enoka. Enoka, mjukuu wa Ndalambo, aliyezika baba na kaka kwa desturi ile ile, alifungua mdomo. Akaufunga. Akaisogeza rula, akaikata aya nzima kwa mistari miwili iliyopishana, akachukua muhuri, akaupulizia, akaugonga.

"Afisa ameelekeza uruke," alisema polepole, bila kuinua macho. "Ruka, kama alivyoelekeza."

Moses akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na nikusaidie kitu kingine, mzee. Una binti. Una kibanda chako pale kwenye foleni. Vyote hivyo vipo. Ni vizuri viendelee kuwepo."

&nbsp;

Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri. Upepo wa Mpemba ulikuwa umeamka, vumbi likipita kati ya makaburi, na kutoka barabarani zilisikika breki za malori yanayosogea. Juu ya wafiwa lilifungwa turubai la kijani alilolishona Lwitiko mwenyewe mwaka jana. Eliakim ndiye aliyelifunga, maana hakutaka mtu mwingine aliguse. Viti vya plastiki vilikuwa sitini, watu walikuwa zaidi ya mia tatu. Walikuja wanakwaya, mafundi, wauza mahindi ya kuchoma, madereva wawili Wazambia waliosimama na kofia mikononi. Walikuja ingawa wageni wa soda walisimama lango la makaburi wakiwatazama mmoja mmoja usoni. Moses alikuwa karibu na kipaza sauti, mikono nyuma.

Mchungaji alihubiri kifupi, kwa sauti ya mtu aliyeonywa. Kisha akasema, "Wasifu wa marehemu."

Eliakim akasimama. Karatasi ilipigapiga kwenye upepo, akaishika kwa mikono miwili. Akasoma kuzaliwa. Akasoma shule. Akasoma ubatizo na kwaya. Alipofika kwenye michezo, kijana mmoja nyuma akacheka bila kujizuia, kwa sababu wote waliwahi kumwona Lwitiko akicheza mpira. Akasoma kazi: alijifunza kushona maturubai akiwa na miaka kumi na mitatu, akawa fundi kamili. Hapo akageuza karatasi. Akapumua.

"Familia inatoa shukrani kwa wote waliojitoa kwa hali na mali. Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi."

Akakunja karatasi, akarudi nyuma hatua moja.

"Amina," alisema mchungaji haraka. "Sasa tutaweka udongo."

Hakuna aliyeinama. Vijana wanane walisimama kuzunguka kaburi, masepeto mikononi. Kefa alikuwa mmoja wao, mguu wake ukiwa juu ya sepeto lililochomwa ardhini. Alimtazama aliye kulia kwake. Yule alitazama chini. Upepo uliinua ncha ya turubai, ukaiacha.

"Wekeni udongo, vijana," mchungaji alirudia.

"Eliakim." Ilikuwa sauti ya Bibi Ferista, kutoka kiti cha mbele. Haikuwa kubwa. "Umeruka."

"Mama, tumemaliza."

"Hujamaliza. Macho yangu ndiyo mabovu. Umetoka kwenye kazi ukaingia kwenye shukrani. Mtoto alikufa na nini?"

Moses alimpa mchungaji ishara, mchungaji akaipa kwaya, na mwimbaji mmoja akaanza wimbo. Aliimba mstari mmoja peke yake. Hakuna aliyempokea, na wimbo ukaishia hewani kama mtu aliyepiga hodi nyumba isiyo na watu. Enoka alikuwa akitazama viatu vyake. Moses alimtazama Enoka, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aje Mpemba, uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa kitu amechelewa.

"Mungu amempenda zaidi, mama," Eliakim alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha.

Agnes akasimama. Siku mbili hakuwa amemwambia mumewe neno. Alimwambia sasa, mbele ya watu mia tatu, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia chakula kiko tayari.

"Usimsingizie Mungu, Baba Lwitiko."

Akaketi.

Eliakim alisimama na karatasi yake iliyokunjwa. Aliiona fomu. Alikiona kibanda chake kwenye foleni, kimefungwa kufuli la mtu mwingine. Alimwona Mercy, amekaa pembeni na daftari mapajani, miaka ishirini tu, uso umeinuka kumwelekea. Aliiogopa kesho kama mtu yeyote mwenye akili anavyoiogopa. Kisha akamfuata Enoka, akamwekea karatasi mkononi.

"Muhuri wako huu," alisema. "Mimi sasa nasoma isiyo na muhuri."

Akarudi kwenye kipaza sauti.

"Mimi ni fundi wa maturubai. Mnanijua. Mwanangu alichukuliwa Jumanne saa nne asubuhi, mzima, kwa miguu yake. Alivaa sweta la bluu. Walikuwa watu wanne—"

Moses akachomoa waya. Sauti ikafa kwenye spika, ikabaki kifuani mwa Eliakim peke yake. Lakini kifua cha mtu aliyezoea kupigia madereva kelele kutoka juu ya tela si kidogo. Aliendelea. Waliokuwa mbele walisikia. Wa katikati walisikia nusu. Nyuma wakauliza, "Amesemaje?"

"Amesema watu wanne."

"Amesema Jumanne."

"Nimeiona mikono yake," Eliakim alisema. "Wamenisainisha kwamba ni lori. Nilisaini, ili nimlete hapa. Nawaomba radhi, na mama yake namwomba radhi. Lori halifungi mtu mikono. Alifungwa kwa nailoni ya nyuzi tatu, mizunguko miwili, fundo kwa ndani. Alifungwa akiwa hai. Kamba naijua. Mama, umeuliza mjukuu wako alikufa na nini. Alikufa amefungwa, kwa mistari miwili aliyoiandika kwenye kiraka."

"Amesema nini?"

"Kamba. Amesema kamba."

"Amesema alifungwa akiwa hai."

"Kwa mistari miwili."

Maneno yalitembea kutoka mdomo hadi mdomo, safu kwa safu, yakawafikia Wazambia, mmoja akamfasiria mwenzake kwa Kibemba, yakafika mpaka langoni walikosimama wageni wa soda, na mwanamke aliyekuwa karibu nao akayarudia kwa sauti ya wazi, uso kwa uso, kana kwamba nao ni wafiwa waliochelewa kusikia. Moses alikuwa bado ameshika ncha ya waya. Hakuwa na cha kuchomoa tena.

Bibi Ferista akaitikia kwa kichwa mara moja. "Sasa," alisema.

Kefa akautoa mguu wake juu ya sepeto. Akachota udongo wa kwanza.

&nbsp;

Walipomaliza kujaza na kupanga mawe, Moses alimjia Eliakim. Zipu ya jaketi ilikuwa imeshuka.

"Kesho saa mbili asubuhi, ofisini."

"Nitakuja. Na kalamu nije nayo, au yenu kesho itakuwa na wino?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Moses alikwenda alikokaa Mercy, akanyoosha mkono, akachukua daftari. "Nataka waliokuwepo hapa," alisema, akipekua. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. "Mtu mmoja. Mtu mmoja. Chumvi, mtu mmoja. Huu ni upuuzi gani?"

"Ndivyo walivyosema niwaandike," Mercy alijibu.

Kefa alikuwa anakung'uta udongo mikononi. Alikwenda mpaka pale, akasimama mbele ya Mercy kana kwamba Moses ni mti.

"Mwanangu, ile ya kuni ulishaiandika?"

"Niliandika mtu mmoja, baba mdogo."

"Futa. Andika Kefa Simbeye, mizigo miwili. Fundi wa pancha, fremu ya tatu kutoka kwenye mizani. Na namba ya simu uweke, si waliomba namba?"

Moses alitazama huku na huku. Daftari lilikuwa mkononi mwake, na nyuma ya Kefa mwanamke wa unga alikuwa amekwisha kusimama, na nyuma yake mtu wa maharage. Mercy akanyoosha mkono kulichukua daftari lake. Ilikuwa ajabu kuona mtu yule akiliachia. Lakini alitaka majina, na majina ndiyo yale yanakuja.

"Sina kalamu," Mercy alisema. "Nimeiacha nyumbani."

Eliakim akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa ile ya bluu. Agnes akaipokea kutoka kwake, vidole vyake vikakaa kidogo juu ya vidole vya mumewe, kisha akaipeleka kwa binti yao.

"Futa mtu mmoja," alisema mwanamke wa unga. "Andika Anastazia Siame. Debe moja. Andika kwa herufi kubwa, wale wa soda macho yao yamechoka."

Mstari ulikuwa umefika kwenye turubai la kijani, ukalizunguka, na bado watu walikuwa wanajipanga. Bibi Ferista aliongozwa mkono mpaka alipokaa Mercy, watu wakampisha.

"Mimi sikuleta kitu," alisema, "lakini niandike."